Je, wajua kwa nini serikali huchelewa kupiga marufuku asbesto?

Upepo wa chumvi wa Lindi na Mtwara hauna huruma na bati. Ndiyo maana mafundi wa zamani huyasifu yale mazito ya kijivu, ya saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi: hayashiki kutu, hayaungui. Sifa hizo ni za kweli. Ubaya uko kwenye vumbi lake, bati linapokatwa kwa msumeno au kuvunjwa. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikizama mapafuni hukaa humo, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 40, hata zaidi.

Hapo ndipo penye jibu. Sumu inayoua leo hupigiwa kelele leo. Lakini fundi aliyevuta vumbi akiwa kijana akaugua uzeeni, nani atalikumbuka bati?

Uingereza ilitunga kanuni za vumbi la asbesto viwandani mwaka 1931, ila marufuku kamili ikaja 1999. Miaka 68! Ripoti zilikuwepo, kilichokosekana ni sura ya mtu. Mwaka 1982 televisheni ilimwonyesha Alice Jefferson, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha asbesto miezi michache tu akiwa na miaka 17, akafariki akiwa na 47. Nchi ikazizima, na mwaka uliofuata zikatoka kanuni za leseni kwa baadhi ya kazi za asbesto. Japani nayo, mwaka 2005 ilifahamika kwamba majirani wa kiwanda cha kampuni ya Kubota kilichotumia asbesto pale Amagasaki wanaugua, watu ambao hawakuwahi kuajiriwa humo. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya kuwafidia hata wao.

Mjadala huvuta pande zote, na wenye viwanda wana sauti nene. Marekani ilitangaza marufuku 1989. Mahakama ikaitengua sehemu kubwa 1991. Katika Mkataba wa Rotterdam, wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari, asbesto nyeupe, aina inayotumika zaidi, imezuiwa kuorodheshwa tangu 2006 kwa sababu uamuzi hutaka nchi zote zikubali. Na orodha hiyo wala haikatazi biashara, inataka tu nchi inayonunua ipewe taarifa na itoe ridhaa yake kwanza!

Kwetu mjadala huanzia kwenye mkutano wa kijiji, na swali gumu si kama asbesto ni mbaya. Paa kuukuu la shule linahitaji watu wenye vifaa vya kujikinga, walilowanishe kwanza, walishushe zima bila kulivunja, na pawepo shimo maalumu la kulifukia. Kisha shule iezekwe upya. Kwa fedha ya nani?