Uvundo wa AC ya gari hautokani na gesi

Uvundo wa AC ni ile harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, inayotoka kwenye matundu ya dashibodi mara tu unapowasha AC, kisha hupungua baada ya dakika chache. Chanzo chake ni kuvu na bakteria waliojenga utando juu ya evaporata, yaani kipozeo kilichofichwa ndani ya dashibodi, mahali ambapo kuna giza, vumbi na maji kila siku. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachohitaji maelezo marefu ni ile kauli inayozunguka gereji hadi gereji: “AC inanuka kwa sababu gesi imechakaa, tujaze nyingine.”

Gesi ya AC haichakai wala haichachi. Magari mengi yaliyopo barabarani kwetu yanatumia R134a, iliyochukua nafasi ya gesi ya zamani, R12, kwenye magari mapya katikati ya miaka ya 1990, baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inatoka kompresa (pampu yake), inapita kondensa (wavu wa mbele unaotoa joto nje), inapita valvu ya kupunguza presha, inaingia evaporata na kurudi kompresa. Hewa unayoipumua haikutani nayo popote. Hewa hupita katikati ya mapezi ya evaporata, yaani vibati vyake vyembamba, gesi iko ndani ya vijibomba vyake. Tena R134a yenyewe ni kama haina harufu. Haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, imevuja, iwe kidogo kidogo kwa miaka kupitia mipira na sili, iwe kwa kasi kupitia tundu. Gari lenye gesi pungufu lina dalili yake, nayo ni kutopoa. Ukiona AC inapoa barabara lakini inanuka, gesi yako haina kosa lolote.

Kwa nini basi watu huapa kwamba walijaza gesi na harufu ikaondoka? Kwa sababu kweli hupungua, kwa siku chache. Evaporata iliyokuwa inapoa nusunusu sasa inapoa sawasawa, maji mengi zaidi yanajikusanya juu yake na kutiririka, na mtiririko huo huosha sehemu ya uchafu. Juu ya hapo, wakati wa kujaza fundi huacha milango wazi na feni ikivuma kwa kasi ya mwisho, kwa hiyo gari limepata hewa safi ya kutosha. Wiki mbili baadaye mambo yamerudi yalipokuwa. Kibaya zaidi, gesi iliyoongezwa kwa kukisia, bila mizani, kwenye mfumo uliokuwa umejaa tayari, hupandisha presha, hupunguza ubaridi na kuichosha kompresa. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 350 na 600, na kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gramu 100 za ziada kwenye mfumo wa gramu 400 ni robo nzima.

Zipo harufu nyingine zinazotoka kwenye matundu yaleyale, nazo si uvundo. Harufu tamutamu kama sharubati, pamoja na kioo cha mbele kinachopata ukungu wenye utelezi, ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Harufu ya plastiki iliyoungua inakupeleka kwenye mota ya feni au rezista yake (kifaa kinachodhibiti kasi ya feni). Harufu ya mnyama aliyeoza kwa kawaida ni panya, na panya hawaondoki kwa dawa ya povu ya kusafishia evaporata. Na ukinusa harufu ya gesi ya kupikia, huenda kuna mtu alijaza gesi ya jikoni badala ya R134a. Gesi ya jikoni hutiwa kitu chenye harufu kali makusudi ili uvujaji ujulikane, nayo huwaka moto. Zima AC, fungua vioo na upeleke gari likatolewe gesi hiyo. Hapa tu ndipo “gesi inanuka” huwa sentensi sahihi, na hata hapa si gesi inayotakiwa kuwamo.

Neno la pili linalovurugwa ni “kuosha AC.” Sehemu nyingi za kuosha magari huelekeza mpira wa maji mbele ya rejeta, hupuliza wavu ule, kisha husema AC imeoshwa. Walichoosha ni kondensa. Kondensa iko mbele, inatoa joto nje, na kuiosha kunasaidia sana ubaridi, hasa kama imejaa wadudu na tope. Lakini hewa ya kondensa haiingii ndani ya gari. Evaporata iko upande wa pili wa ukuta wa injini, ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya droo ya abiria, na hakuna mpira wa maji utakaoifikia kutokea mbele. Vivyo hivyo pafyumu inayoning'inizwa kwenye matundu: inanukia juu ya uvundo, na baada ya siku tatu una harufu mbili.

Sasa maji. Uso wa evaporata hushuka hadi digrii chache tu juu ya nyuzi 0. Kihisi huikata kompresa kabla barafu haijajenga. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ikigusa ubaridi huo inaacha maji, na siku ya unyevu mwingi yanaweza kufika lita moja au zaidi kwa saa. Maji hayo hushuka chini ya sanduku na kutoka kwa mpira mdogo unaotokeza chini ya gari, mara nyingi upande wa abiria. Yale matone chini ya gari lililoegeshwa ambayo huwatisha wenye magari mapya ndiyo dalili ya afya. Wasiwasi uanze yasipoonekana. Washa AC kwa dakika 15 gari likiwa limesimama, halafu chungulia. Kama pakavu, na zulia la abiria lina unyevu, au unasikia maji yakicheza ndani ya dashibodi unapokata kona, mpira umeziba. Uzibue kutokea chini kwa waya laini uliokunjwa ncha, au kwa upepo wa presha ndogo. Presha kubwa huuchomoa mpira kwa ndani, na maji yote yataishia kwenye zulia.

Kinacholisha kuvu ni vumbi na majani. Gari linalolala chini ya mwembe au mwarobaini hukusanya majani kwenye wavu ulio chini ya waipa, ambako hewa ya nje huingilia. Yakilowa yanaoza pale pale, na harufu inavutwa ndani. Halafu kuna filta ya AC, nyuma ya droo ya abiria kwenye magari mengi ya Kijapani. Baadhi ya magari yaliyotumika hufika kutoka Japani yakiwa na nafasi ya filta lakini filta yenyewe haimo, na mwenye gari anaendesha miaka mitano asijue. Badilisha kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na mapema zaidi kama njia zako ni za vumbi. Kuikung'uta hutoa vumbi la juu tu. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ikiwa shamba la kuvu. Mshale ulio pembeni ya filta ufuate mwelekeo wa hewa.

Kusafisha evaporata bila kuing'oa kunawezekana, mradi ule mpira mdogo wa kutolea maji uwe wazi kwanza. Vinginevyo povu lote litamwagika kwenye zulia. Zima gari. Toa droo, toa filta. Tafuta rezista ya feni, iliyopachikwa kati ya feni na evaporata, kwa kawaida kwa skrubu 2. Ichomoe, ingiza mrija wa dawa ya povu ya evaporata kupitia tundu lake na upulize kopo zima, ukigeuza ncha juu, chini na pembeni. Usipulizie kwenye soketi za waya. Subiri dakika 20. Povu linageuka maji na kutoka chini ya gari, na rangi yake ya kahawia itakueleza mengi. Suuza kwa nusu lita ya maji safi kwa chupa ya kupulizia. Usiiache feni yenyewe: kwenye magari mengi hushikwa na skrubu 3 tu, na mapanga yake huwa yamepakwa utando uleule. Rudisha kila kitu, kisha endesha feni kwa kasi ya mwisho dakika 15, AC ikiwa imezimwa na milango wazi. Filta mpya iingie baada ya kukauka, si kabla.

Dawa ya kufulia yenye klorini isikaribie humo: hula aluminiamu, na mvuke wake utaupumua wewe. Soda kali na tindikali ni hivyo hivyo, hata kama kopo limeandikwa kwamba ni la kusafishia AC za nyumbani. Mashine ya presha hukunja mapezi. Mashine ya ozoni inaua harufu kweli, ila uchafu unabaki ulipo kama chakula cha kuvu wa mwezi ujao, na ozoni inadhuru mapafu, kwa hiyo mtu yeyote asiwemo ndani na gari lipunge hewa kabla ya kupandwa. Kama mapezi yameziba kabisa kwa tope na nywele, evaporata itolewe. Kazi hiyo inadai gesi ivutwe, oringi (mipira ya duara ya kuzuia uvujaji) mpya zifungwe, mfumo utolewe hewa kwa mashine angalau nusu saa, ndipo gesi irudishwe kwa mizani.

Kuzuia ni kukausha. Dakika tatu hadi tano kabla ya kufika, zima kitufe cha AC na uache feni ivume kwa hewa ya nje. Ushauri wa kuwasha hita ili kukausha evaporata unasikika wa maana, ila kwenye mpangilio wa kawaida hita iko baada ya evaporata, hivyo joto lake linaelekea kwako, si kwa kipozeo. Ukitaka likifikie, weka mzunguko wa ndani, yaani hewa ileile ya ndani ya gari izunguke, na ushushe vioo kidogo ili unyevu upate pa kutokea. Na kitufe cha mzunguko wa ndani kisikae kimewashwa mwaka mzima. Pumzi za abiria wanne nazo ni maji.

Kwa hiyo safari nyingine ukifika kwa fundi, usimwambie gesi imechakaa, maana atachukua mtungi. Mwambie AC inapoa vizuri, inanuka inapowashwa, na kama maji yanadondoka chini au hayadondoki. Akianza kufungua droo ya abiria badala ya boneti, mmeelewana.