Je, wajua kwa nini mtaa wa matajiri unaweza kufunga shule kwa kukosa watoto?

Ukisikia shule ya msingi imefungwa kwa kukosa wanafunzi, akili inakimbilia kijijini, kule ambako vijana wameenda kutafuta maisha mjini wamebaki wazee. Sasa mwaka 2022 hilo lilitokea Cupertino, California, hapo hapo yalipo makao makuu ya Apple, sehemu ambayo kaya ya kati (ukizipanga zote kwa kipato, ile ya katikati kabisa) inaingiza zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka na watu wanahamia kwa ajili ya shule zake. Regnart ni mojawapo ya shule zilizofungwa. Imekuwaje?

Turudi nyuma kidogo. Cupertino imekuwa mji rasmi 1955, na kipindi hicho bonde la Santa Clara, ulipo mji huo, lilikuwa mashamba ya matunda, aprikoti na plamu za kukausha. Mashamba yakang'olewa, zikajengwa nyumba za kawaida tu za vyumba vitatu, zikajaa familia za Wazungu zenye watoto wadogo. Baadaye zikaja kampuni za chipu na kompyuta. Na mwaka 1965 Marekani ilikuwa imefuta sheria ya zamani iliyopendelea wahamiaji wa Ulaya, kwa hiyo mainjinia wa kutoka Taiwan, India na China wakapata njia ya kuingia. Sensa ya 2000 ilikuta Waasia ni asilimia 44 ya wakazi, ya 2010 ikakuta asilimia 63. Miaka kumi tu!

Hapa kuna kitu wengi hawakioni. Tukiambiwa kipato cha mtaa kimepanda tunadhani wakazi wameongezewa mishahara, kumbe mara nyingi ni wakazi wenyewe wamebadilika. Chukua nyumba moja: mwalimu mstaafu anauza, wanaingia mke na mume wote mainjinia. Jiko lile lile, mlimau ule ule uani, ila kwenye takwimu kaya ya pensheni imetoka na kaya ya mishahara minene miwili imeingia. Rudia hivyo mara elfu moja, kipato cha mji kinapaa wakati hakuna hata mtu mmoja aliyepandishwa cheo.

Ila sio wazee wote wanauza, na hapo ndo penye jibu la shule. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha sheria inaitwa Proposition 13: kodi ya msingi ya nyumba haizidi asilimia 1 ya thamani inayokadiriwa, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mmiliki. Tupige hesabu. Aliyenunua kwa dola 100,000 mwaka 1980, ikifika 2020 anakadiriwa kama dola 220,000 hivi, anatoa karibu 2,200 kwa mwaka. Jirani aliyenunua mwaka huo wa 2020 nyumba inayofanana nayo kwa milioni mbili anatoa 20,000. Ukuta mmoja katikati yao!

Na huyo mzee akiuza kuna kodi ya faida inamsubiri, maana serikali kuu inasamehe dola 500,000 tu za faida kwa wanandoa, iliyobaki inakatwa kodi. Akifa nayo, warithi wanahesabiwa thamani ya siku ile ya kifo na faida yote ya nyuma haiguswi. Sasa kwa nini auze? Anakaa, na mimi simlaumu hata kidogo, ni kwake pale. Ila nyumba zinazoingia sokoni zinakuwa chache, bei inazidi kupanda, na wanaoweza kuinunua ni wale wenye akiba ya miaka mingi, mara nyingi watoto wao washakua. Wanaoumia ni wenye watoto wachanga, wanapanga, au wanaenda kununua mbali huko na kuendesha gari kila asubuhi kwenda kazini.

Ndo maana pengo linaonekana kwanza kwenye shule za msingi. Waliosoma pale enzi madarasa yamejaa leo ni watu wazima, wengi nyumba ya pale hawaiwezi, na baadhi ya wazazi wao bado wako kwenye nyumba zile zile za vyumba vitatu, viwili vitupu.