Je, wajua wimbo uliosahaulika wa miaka ya 70 hurudishwa vipi kutoka kwenye santuri?

Mwaka 2016 kampuni ya muziki ya Strut ilikusanya rekodi za Sunburst za 1973 hadi 1976 na kuzitoa kwa jina Ave Africa. Bendi hiyo ya Dar es Salaam ilichanganya roki, soul na fanki na midundo ya nyumbani, na vijana wengi wa leo walikuwa hawajawahi hata kuisikia. Nyimbo za mchanganyiko wa aina hiyo bado zimo makabatini, kwenye santuri ndogo za inchi 7. Je, mlio hutolewaje humo ukiwa mzima?

Kanda mama ya studio, yaani ile ya kwanza iliyorekodiwa, ikipatikana, anza nayo. Inua gurudumu la kanda kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, hiyo ni kanda ya plastiki ya asetati, na usiipashe moto kamwe. Isipopenya, ni poliesta. Kanda za poliesta za miaka ya 70 na 80 mara nyingi hunyonya unyevu, gundi yake ikalainika, na zikichezwa hulia kama mlango mbovu huku zikiacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa vya mashine. Hizo hupashwa nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi, kisha hunakiliwa mara tu zinapopoa.

Kwa kawaida, hata hivyo, kinachobaki ni santuri, tena iliyochakaa. Lawama nyingi ni za sarafu! Sindano ikirukaruka, watu walibandika sarafu juu ya kichwa chake, uzito ukapanda kwa gramu kadhaa, na sindano ikaanza kulima mfereji wa santuri, ule unaobeba mlio, badala ya kuufuata. Uharibifu husikika kwanza kwenye tarumbeta na kwenye herufi "s" za mwimbaji, hasa karibu na lebo ya katikati, ambako mawimbi ya mfereji yamebanana zaidi.

Osha kabla ya kucheza. Tumia maji yaliyokenekwa na matone mawili ya sabuni ya vyombo, na brashi laini ifuate mzunguko wa mfereji, isiukate. Maji ya bomba huacha chumvi, na chumvi ikikauka husikika kama mahindi yanayokaangwa. Maji ya betri usiyaguse, mengine yana asidi. Suuza, kausha, ndipo ucheze kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Kama mlio bado unakwaruza, badili sindano: ya mviringo na ya duaradufu hukaa kwenye vimo tofauti vya ukuta wa mfereji, na mara nyingi mojawapo hugusa sehemu ambayo ile ya zamani haikuila. Rekodi kwenye kompyuta kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96. Usiondoe mikwaruzo yote kwa programu, maana ukizidisha, matoazi hugeuka kama yanapigwa chini ya maji.

Kosa linalopita bila kuonekana ni kasi. Mvumo wa umeme wa studio mara nyingi umo ndani ya rekodi, na Afrika Mashariki umeme ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiupima sehemu iliyo kimya ukakuta 52, unajua wimbo unakimbia kwa asilimia 4. Wimbo wa dakika 3 umepoteza takriban sekunde 7, na sauti ya mwimbaji imepanda. Ila hakikisha huo si mvumo wa mashine yako mwenyewe: inua sindano, usikilize.

Nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili, upande A una maneno na upande B una chemko, pale magitaa yanapoachiwa kucheza. Wanaounganisha hutafuta pigo moja la ngoma linalosikika mwishoni mwa A na mwanzoni mwa B, wakalilinganisha hadi milisekunde. Kasi ya pande zote mbili irekebishwe kwanza, la sivyo mapigo hayatalingana. Pigo la pamoja lisipopatikana, maana yake kuna sekunde zilizokatwa. Hapo afadhali pengo lisikike kuliko kubandika ngoma ya kubuni.