Kulinganisha matumizi ya nishati hotelini

Meneja akikwambia hoteli yake imekula uniti 480,000 kwa mwaka, bado hujui kama anabana matumizi au anafuja. Tuseme hoteli hiyo ina meta za mraba 4,000, na jirani yake mwenye meta 10,000 katumia uniti 900,000. Gawanya: 120 kwa kila meta kwa wa kwanza, 90 kwa wa pili. Mwenye bili kubwa ndiye mwenye nafuu. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha ulinganishaji.

Kabla ya kugawanya, nishati zote ziingie kwenye kapu moja. Lita moja ya dizeli hubeba takriban kilowati-saa (yaani uniti) 10, kilo ya gesi ya kupikia karibu 13. Anayesahau jenereta ataonekana hodari hasa mwaka ambao umeme ulikatika sana.

Utata uko kwenye kigawanyo. Chukua hoteli ya ufukweni Zanzibar wakati wa masika, wageni wachache. Viyoyozi vingi vimezimwa, kwa hiyo matumizi kwa meta ya mraba yanashuka. Lakini vyumba vya baridi vya jikoni, taa za korido na pampu ya bwawa havijui kama wageni wameondoka. Ukigawa kwa vyumba vilivyolaliwa, kiwango kinapanda. Hoteli ileile, mwezi uleule, hukumu mbili. Mimi ningedai zote mbili.

Baada ya hapo huja madaraja. Marekani, mfumo wa ENERGY STAR huipa hoteli alama 1 hadi 100: 50 ni katikati, na kuanzia 75 inaweza kuomba cheti. Alama huzingatia idadi ya vyumba na wafanyakazi, majokofu, upishi na hali ya hewa. Australia ina mfumo wake, NABERS, wenye nyota hadi 6, ambazo hazihusiani na nyota za anasa: hoteli ya kifahari inaweza kuambulia mbili.

Madaraja hayo yamepimwa kwa majengo ya kwao, mengi yakipashwa joto wakati wa baridi. Hoteli ya Mombasa ishindanishwe na wenzake wa pwani, wa ukubwa na huduma zinazokaribiana. Kama takwimu zao hazipatikani, ijilinganishe na yenyewe: Agosti hii na Agosti iliyopita, vyumba vilivyolaliwa vikiwa karibu sawa.