Kwa nini Wahispania hula chakula cha usiku saa 4?

Fika Madrid mwezi wa Juni, ingia mgahawa wa mtaani saa 1 jioni, uulize chakula cha usiku. Mara nyingi utaambiwa jiko bado. Majiko mengi huanza kazi saa 2 na nusu au saa 3, na wenyeji huketi kula karibu na saa 4. Saa 5 usiku watoto bado wanafukuzana uwanjani, wazazi na bibi zao wamekaa pembeni wakipiga soga. Watu hawa hulala saa ngapi?

Chanzo kimoja ni saa yenyewe. Mstari wa Greenwich, unaopita London na ambao saa za dunia huhesabiwa kutoka hapo, unapita pia mashariki mwa Hispania. Barabara kuu ya Zaragoza hadi Barcelona ina tao kubwa linalomwonyesha dereva anapouvuka. Sehemu kubwa ya nchi iko magharibi mwa mstari huo, kwa hiyo kwa jua ilistahili saa ya London, kama jirani yake Ureno. Lakini Machi 1940 serikali ya Jenerali Francisco Franco ilisogeza saa mbele ziwe sawa na za Berlin, na hazijarudishwa mpaka leo. Juu yake kuna saa nyingine moja inayoongezwa kila majira ya joto. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni jua la Madrid huzama saa 4 kasorobo hivi usiku, na kule Vigo, karibu na bahari ya Atlantiki, saa 4 imeshapita.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunalielewa jambo hili upesi. Pima siku ya Madrid ya majira ya joto kwa jua, uache mshale wa saa. Chakula cha mchana cha saa 8 na nusu kinaangukia saa 6 na robo, jua la utosini. Kile cha saa 4 usiku kinakuwa cha saa 2 kasorobo, wakati ambao nyumba nyingi za Dar es Salaam au Mombasa zinapakua. Kwa tumbo lake, Mhispania hajachelewa hata kidogo.

Hata hivyo jua halimalizi maelezo. Desemba giza huingia Madrid kabla ya saa 12 jioni, na bado watu hula saa 3 au saa 4. Hapo sababu ni kazi. Maduka mengi hufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11, kisha hufunguliwa mpaka saa 2 au zaidi usiku. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, ugumu wa maisha uliwafanya wengi washike kazi mbili, moja asubuhi na nyingine jioni. Na kusini, Sevilla inapopita nyuzi 40 za joto, mtu mwenye akili hatoki nje mpaka jua lilegee.

Likilegea, mji mzima hutoka. Kwanza paseo: kupunga upepo kwa miguu, polepole, umevaa vizuri, ukisalimiana na watu. Halafu tapeo, na kwa maoni yangu huu ndio utamu wenyewe. Hukai sehemu moja ukashiba. Unasimama kaunta, unakula vipande viwili vya samaki au zeituni kidogo, unahamia mlango wa pili. Kuna tortilla ya mayai na viazi, ndugu wa damu wa chipsi mayai. Kila kitafunio cha namna hii huitwa tapa, maana yake mfuniko, na kule Granada bado unaletewa bure ukiagiza kinywaji. Mgeni mwenye njaa ya saa 1 jioni aanzie hapo.

Chakula kikiisha, hakuna anayenyanyuka. Yale mazungumzo ya mezani yana jina lake, sobremesa, na yanaweza kuchukua muda kuliko mlo. Vijana ndipo wanapoanza kutoka: disko hujaa saa 8 usiku. Karibu na alfajiri wengi huishia San Ginés, duka la katikati ya Madrid lililoanza 1894, wakichovya churros, maandazi marefu membamba, kwenye kikombe cha chokoleti nzito kama uji.