Mimea inayofyonza sumu ardhini: maswali na majibu

Udongo wenye metali nzito hujisafisha wenyewe?

Hapana. Mafuta yakimwagika, bakteria huyala yakaisha. Metali nzito kama risasi (metali yenyewe, si ya bunduki), kadimi na aseniki ni elementi, na hakuna kiumbe wa kuzivunjavunja. Ama zihamishwe, ama zifungwe zisisambae.

Mmea unazihamishaje?

Mizizi huzinyonya pamoja na maji na kuzipandisha majanini. Mimea mingi hudumaa ikizidiwa, ila michache huzimudu kwa kuzifungia ndani ya seli zake. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba kangaga aitwaye Pteris vittata hulimbikiza aseniki nyingi majanini kuliko iliyomo kwenye udongo wenyewe. Kule New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kuna mti, Pycnandra acuminata, ambao ukichanjwa hutoa utomvu wa kijani-buluu kwa wingi wa metali ya nikeli.

Na vijidudu vya udongo?

Baadhi hutoa asidi zinazobandua metali kwenye chembe za udongo, mizizi ikapata kuinyonya. Wengine hufunga: wapo bakteria wanaoigeuza kromiamu-6, aina ya metali ya kromiamu inayosababisha saratani, kuwa kromiamu-3, aina yenye sumu ndogo na isiyosafiri kirahisi na maji. Kubandua kuna hatari yake. Metali iliyobanduliwa ikakosa mzizi wa kuipokea hushuka hadi maji ya kisima.

Mimea hiyo inaliwa?

Isiliwe, wala isilishwe mifugo, wala isigeuzwe mboji. Sumu ile ile sasa iko kwenye majani. Kuichoma kiholela ndiyo mbaya zaidi, maana aseniki na kadimi hupaa na moshi. Mavuno hukaushwa na kupelekwa kwenye dampo la taka hatarishi, au kwenye tanuri lenye vichujio.

Inachukua muda gani?

Miaka, pengine miongo, na ni kwa kina kinachofikiwa na mizizi tu. Risasi ni miongoni mwa zilizo sugu zaidi, kwa kuwa hung'ang'ania udongo. Kwa hiyo penye watoto, kutegemea mimea peke yake ni uzembe. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, risasi iliyotokana na uchimbaji wa dhahabu iliua mamia ya watoto. Pale udongo wa juu ulikwanguliwa na kuondolewa.

Nikishuku udongo wa nyumbani?

Upeleke maabara ukapimwe, na watoto wapimwe risasi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Wakati mkisubiri majibu, funikeni ardhi iliyo wazi kwa nyasi au udongo safi, vueni viatu mlangoni, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.