Kope imeshuka ghafla, usikimbilie kulaumu kisukari

Watu wakianza kuona vitu viwili viwili wanaambiwa miwani imeshachoka, kabadilishe lenzi. Hapana jamani. Ziba jicho moja, ile picha ya pili ikipotea ujue shida ni macho kutoenda pamoja, na hapo miwani mpya ya kusomea haikusaidii kitu.

Halafu kuna hii ya eti aneurizimu, yaani kijiputo kinachovimba kwenye ukuta wa mshipa wa damu, isipopasuka haina dalili. Nyingi kweli zinakaa kimya, ila kuna mshipa wa damu chini ya ubongo unaounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma, ukitoa kijiputo pale unaikandamiza neva ya tatu, moja ya neva zinazotoka ubongoni, kabla hata tone la damu halijamwagika. Neva hiyo ndo inainua kope, inaendesha misuli 4 kati ya 6 ya kuzungusha jicho na inabana mboni, kwa hiyo ikiminywa kope inashuka, jicho linakwenda nje na chini (hapo ndo unaona viwili viwili), mboni inatanuka na ukiimulika tochi haisinyai.

"Ah huyo ana sukari, ndo kawaida yake." Hii inaniudhi kuliko zote! Sukari kweli inalegeza neva hiyohiyo, ila mara nyingi inaumiza vimishipa vinavyolisha katikati ya neva, wakati nyuzi za mboni zimepita juujuu, ndo maana mboni huwa inabaki sawa na jicho linarudi lenyewe ndani ya miezi 3 hivi. Kijiputo kinabana kutoka nje, kinaanza na zile za juu. Sasa usije ukajiangalia kwenye kioo ukaona mboni ziko sawa ukaenda kulala, maana mwanzoni neva inaweza kuwa imebanwa nusu tu, mboni ikafuata baadaye. Na maumivu nayo hayatenganishi, hata ya kisukari inauma. Ni hospitali siku hiyohiyo, wapige CT au MRI, vipimo vya picha, ya mishipa ya damu.

Jicho likiingia ndani kuelekea puani hiyo ni neva ya sita, ile inayovuta jicho kwenda nje, imelegea; baada ya damu kumwagika presha ndani ya fuvu inaweza kuilegeza hata kama kijiputo kiko mbali nayo.

Wengine wanadhani wakishawekewa klipu (kibanio cha kukifunga kijiputo) au koili (waya laini wa kukijaza ndani) jicho litanyooka hapohapo kitandani. Wapi! Hizo zinazuia kupasuka, neva yenyewe inachukua wiki mpaka miezi, na kuna ambao inarudi nusu tu, kope ikapanda lakini mboni ikabaki kubwa.